Mzee Akikataa Kuogeshwa

Mkiniuliza habari za wodi, wengi huuliza juu ya damu na vidonda. Hayo mtu huzoea. Kinachonisumbua ni beseni la maji ya uvuguvugu na mzee anayeniambia, "Hapana, msichana. Usinifunue."

Ana haki? Mwili ni wake. Lakini mtu aliyepooza akilalia mkojo, ngozi ya makalio na visigino huanza kuharibika. Ndiyo maana tulifundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2. Kidonda kikifunguka, kinaweza kufika mfupa. Nikimwacha eti namheshimu, ataoza. Nikimlazimisha, nimeosha mwili na kumvunja mwenyewe.

Virginia Henderson, muuguzi Mmarekani tuliyesoma habari zake chuoni, aliorodhesha mahitaji 14 ya msingi; kula, kwenda haja na kuwa msafi yamo. Kwake, muuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo angejifanyia kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na kwa namna ya kumrudisha ajitegemee upesi. Basi kama mkono wa kulia umepooza, kitambaa nampa wa kushoto. Aoshe sehemu zake za siri mwenyewe, mimi nitazame dirisha. Shida ni kwamba itachukua dakika 40 badala ya 10, na usiku mwingine tuko wawili tu na wodi imejaa. Naamini haraka humwaibisha mgonjwa kuliko mikono yangu.

Wengine husema, si watoto wake wamwoshe? Jameni, si rahisi hivyo. Kwa jamii zetu nyingi mkaza mwana hawezi kuona uchi wa baba mkwe. Afadhali mgeni mwenye yunifomu. Hata Shemu na Yafethi, katika Mwanzo 9, walitembea kinyumenyume wakamfunika Nuhu bila kumtazama. Hiyo ni kazi ya wodi kabisa: funua mkono mmoja, osha, kausha, funika, halafu nenda kwa mwingine.

Tena kuna Petro katika Yohana 13, aliyekataa kuoshwa miguu. Huwa tunahubiri juu ya anayeosha. Mimi namwonea huruma anayeoshwa. Mtu aliyelisha watoto wanane sasa analishwa uji kwa kijiko. Kutoa alijua, kupokea hakufundishwa na mtu. Na Yesu hakumvuta mguu kwa nguvu. Walizungumza kwanza.

Kwa hivyo mimi nazungumza. Naomba ruhusa hata kwa asiye na fahamu, wanafunzi wakicheka wacha wacheke. Akikataa kuoga asubuhi, narudi jioni, au namwita muuguzi mwanamume. Lakini akitaka kubaki kwenye choo, hapo sinyamazi. Nabembeleza, naeleza, narudi tena. Mwenye akili timamu akikataa bado, simshiki kwa nguvu. Namwandikia kwenye faili na roho inaniuma.

Ombi moja kwenu mnaokuja kuombea wagonjwa. Mnazunguka kitanda watu 15, mnaimba, na mama wa watu amebanwa na mkojo nusu saa nzima, anaona haya kusema mbele ya mchungaji. Kabla ya wimbo wa kwanza, dada mmoja amwinamie amuulize polepole. Kisha mtuite, tutavuta pazia.