Ni Nani Mwenye Hatia?

Ndugu, katika ziwa letu hapa karibu na Bujora hamna papa. Walakini tumesikia habari zake, nasi humwita mwuaji. Je, ni haki? Papa potwe aonekanaye Mafia, aliye mkubwa kupita samaki wote, hula viumbe vidogo vya majini. Tena papa wengi hukawia kukua, nao huzaa wachache. Kwa hiyo nyavu za watu huwapunguza upesi.

Tumtazame na sangara wetu. Alikula furu hata aina nyingi zikatoweka; lakini hakuja mwenyewe, watu ndio waliomtia ziwani tangu miaka ya 1950. Samaki hula kwa njaa yake, wala hajui mema na mabaya. Sisi tujuao ndio tutakaoulizwa.