Nani atatia mkono katika lundo la vidonge?

Kisa cha Mtume (SAW) sokoni Madina tunakijua. Alipita kwa muuza chakula, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asikiweke juu kilicholowa, watu wakakiona.

Leo tunanunua vidonge, na mkono wetu hauwezi kuingia humo. Kidonge kibovu na kizima vinafanana.

Kwa desturi viwanda hutengeneza vidonge kwa toleo. Unga huchanganywa pipani, ukasubiri, ukapelekwa hatua ya pili, ukasubiri tena, mpaka ushindiliwe. Kisha vidonge vichache hupelekwa maabara vikawe mashahidi wa maelfu kwa maelfu vilivyobaki. Katika njia mpya, uzalishaji wa mfululizo, unga huingia upande mmoja wa mtambo bila kukatika na vidonge vikatoka upande wa pili, huku vipimo vya mwanga usioonekana kwa macho vikiuangalia mchanganyiko muda wote. Sehemu iliyopotoka huchepushwa kando, nyingine ikaendelea. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kampuni ya Janssen kuihamishia dawa yake ya VVU, Prezista, kwenye njia hii katika kiwanda cha Gurabo, Puerto Rico.

Swali langu si la kihandisi. Mtambo ukiufanya ulaghai usiwe na faida, mwenye kiwanda bado ataitwa mwaminifu? Toleo zima likiharibika hasara ni kubwa, na hapo shetani ana pa kukaa. Kinapotupwa cha dakika chache tu, kusema kweli kunakuwa rahisi. Wapo watakaosema kwamba uaminifu usiogharimu si uaminifu. Mimi siafiki. Nia ya mtu anaijua Allah (SW), lakini mgonjwa anataka dozi iliyotimia. Muhtasibu katika miji ya Kiislamu alikagua mizani bila kungoja nyoyo za wafanyabiashara zitakate kwanza.

Hata hivyo tusiupe mtambo sifa isiyo yake. Mpaka wa kipi kipite na kipi kichepushwe umewekwa na mtu, na mtu huyo ana bosi anayehesabu faida. Mwaka 2013 Ranbaxy USA, tawi la kampuni ya India, ilikiri makosa ya jinai Marekani, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 500. Katika yaliyokiriwa, baadhi ya vipimo vya uimara wa dawa vilifanyika wiki au miezi kadhaa baada ya tarehe zilizoandikwa kwenye taarifa. Maabara ilikuwapo. Kalamu ndiyo iliyosema uongo.

Aidha, kuna suala la udhuru. Wa matoleo aliweza kujitetea kwamba alipima vichache, vikawa sawa, mengine hakuyajua. Huyu wa mfululizo anauona unga wake muda wote na kumbukumbu anazo. Akiusogeza mpaka kidogo ili kisitupwe kingi, amefanya akijua.

Kwa hiyo mkaguzi, awe wa FDA au wa TMDA yetu, akifika kiwanda cha namna hii asiridhike na vidonge vizuri atakavyoonyeshwa. Aombe kuona vilivyochepushwa, ni vingapi, nani aliubadilisha mpaka, na saa ngapi.