Mkono Mwepesi, Wembe Uliobanwa

Somo: Wagalatia 6:1–5

Juma hili tuzungumze juu ya wembe. Ule wa Delila tumeuhubiri mpaka umekwisha makali, tuuache upumzike. Nataka huu wa kawaida, wenye makali pande mbili, unaouzwa ukiwa umefungwa kwa kipande kidogo cha karatasi kwenye vibanda vya Arua na Koboko.

Ukiutoa kwenye karatasi yake utaona jambo la kushangaza. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ubonyeze kidogo, unapinda, uachie, unarudi. Ukali upo, msimamo hauna. Mmarekani King C. Gillette alipoanza kuuza nyembe za aina hii mwaka 1903, alizileta pamoja na kishikio chake, na kishikio ndicho kilichozifanya zifae. Wembe hulazwa juu ya kibao, ukafunikwa na kifuniko chenye mgongo, kisha vyote vikakazwa kwa skrubu. Wembe unapokazwa hujikunja kufuata ule mgongo, na kujikunja huko ndiko kunakoupa ugumu: bati bapa hulegea mikononi, bati la migongo hubeba paa. Kinachobaki nje ni ukingo mwembamba tu.

Sasa skrubu ikilegea, au povu lililokauka na vipande vya udevu wa jana vikibaki chini ya kifuniko, ukingo ule hutetemeka. Hunasa kwenye udevu, hupinda, huachia ghafla, huruka. Damu inatoka, na mwenye kidevu analaumu: wembe huu mkali mno! Kumbe ukali haukuwa na kosa; wembe ulilegezwa. Mama zetu vijijini wanaonyoa vichwa vya watoto kwa wembe mtupu wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Tazama vidole vyao: wanaushika karibu kabisa na makali, wakiacha sehemu ndogo iwe huru.

Paulo anawaambia Wagalatia kwamba ndugu akighafilika katika kosa, wale wa rohoni wamrejeze kwa upole. Wengi wetu tukisikia upole tunaelewa kulegea. Mzee anaitwa kusuluhisha mpaka wa shamba kati ya mkubwa na mdogo. Anaanza kusema kweli, anaona uso wa mkubwa umekunjamana, anapinda. Kesho akiwa na yule mdogo peke yake anaruka na kumkata. Huo si upole. Amekaa kwenye kikao akiwa na skrubu iliyolegea, na aliyejeruhiwa ni yule asiye na wa kumtetea. Heri angelibanwa na neno moja la kweli, akalisema lile lile mbele ya wote wawili.

Upole wenyewe uko mkononi. Wembe uliobanwa vizuri hauhitaji kusukumwa; uzito wa kishikio unatosha, ukiuinamisha kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, huku mkono wa pili ukiinyoosha ngozi taratibu. Ukikandamiza, ngozi hufura ndani ya mwanya ulio kati ya wembe na kibao na kuyafuata makali yenyewe. Wanaokandamiza mara nyingi ni wale wasiouamini wembe wao. Nimewasikia wahubiri wa namna hiyo pia: neno halijawashika, basi wanaliongezea sauti.

Tena kuna maji. Tunasema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji, na tunaichukua kuwa methali ya tahadhari. Lakini ni ufundi pia. Udevu uliolowa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika, na wembe hupita bila ugomvi. Mtu aliyekosea naye anahitaji hizo dakika: salamu, kiti, swali la hali ya nyumbani. Afisa wa mjini anaona tunapoteza muda. Anayeingia moja kwa moja kwenye shtaka ananyoa ndevu kavu.

Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili linatuhusu sisi wenye nywele za kujisokota. Kidevu chetu kikinyolewa kinyume cha uotaji, mara mbili, mara tatu, mpaka kiwe laini kama kioo, udevu hukatwa chini ya uso wa ngozi. Unapoota tena hujikunja na kuingia nyamani, na baada ya siku chache shingo imejaa vipele. Dawa ni kufuata uotaji na kukubali kubakiza vishina vifupi. Ndivyo ilivyo kwa maungamo. Yupo mchungaji asiyeridhika mpaka kila mzizi wa aibu ung'olewe hadharani, majina yatajwe, na mke asikie yote mbele ya kwaya. Siku ile anaonekana amesafisha. Baadaye uchungu unaota kwa ndani. Naamini toba inaruhusiwa kubaki na kisiki kidogo ambacho Mungu peke yake atakishughulikia.

Na anayeonya hasalimiki. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha katika jarida la Science walichokiona kwa hadubini: unywele, ulio laini kuliko chuma cha wembe kwa kiasi cha mara 50, unaweza kuumegua ukingo wake, hasa unywele ukiinama na kukutana na mahali dhaifu pa chuma. Ndiyo maana Paulo anaongeza kwamba anayemrejeza mwenzake ajiangalie nafsi yake, asije akajaribiwa naye. Kusikiliza kesi za ndoa mwaka mzima kunamegua.

Mstari wa tano unasema kila mtu atauchukua mzigo wake; hata wembe, kila mtu ana wake. Kinyozi wa Arua hakuulizi kama unasali kanisa la Ediofe au la Mvara au msikitini. Anakufungulia wembe mpya, maana miaka ya ukimwi ilitufundisha kutogawana. Nasi tusimnyoe Petro kwa kosa la Yohana, wala kuleta kwenye kikao cha leo hasira ya kikao cha jana.

Wazee wanaoketi juma hili huko Koboko kusikiliza mashauri ya mashamba, tafadhali someni mistari yote mitano kabla ya kufungua kikao. Wa sita, ule wa kumshirikisha mwalimu vitu vyema, tutausoma siku ya mavuno.