Sudusi ya Baba, Thumuni ya Mjane

Nimefundisha hisabati shule ya msingi hapa Tanga mpaka nikastaafu, na tangu hapo majirani huniletea karatasi za mirathi. Shehe ndiye anayesema nani anarithi na fungu lake ni lipi. Mimi napiga hesabu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niulize haki ya mtu ni nini hasa.

Mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mtoto wa darasa la tano hayamshindi. Kiasi kiko juu, asili iko chini, na kiasi ni kidogo kuliko asili. Kila fungu likiwa peke yake halina matata. Matata huanza yanapokutana.

Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Gharama za mazishi na madeni yamelipwa, zimebaki shilingi milioni 27. Mke ana thumuni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 8, 3 na 6 ni 24. Basi mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27 juu ya 24. Tumepata sehemu guni, na mali ni ileile.

Sasa anza kulipa. Mabinti wapewe milioni 18, wazazi milioni nne na nusu kila mmoja. Hapo fedha zimekwisha, na mjane hajashika hata senti. Ukianza na mjane, atapungukiwa mwingine. Yaani haki ingekuwa ya aliyewahi foleni.

Katika nyumba moja yenye warithi kama hao, mzee aliyefiwa na mwanawe aliniambia, “Mwalimu, sudusi ni sudusi. Mungu hakusema sudusi kasoro.” Nikamwambia, “Kweli, baba. Na thumuni ya mkaza mwanao nayo ni thumuni.” Akanyamaza, kisha akaniambia niendelee.

Suala hili ni la zamani. Inapokewa kwamba zama za Khalifa Umar alifariki mwanamke akaacha mume na dada wawili: nusu na thuluthi mbili, saba juu ya sita. Umar akashauriana na masahaba, na mali ikagawanywa mafungu saba badala ya sita. Njia hiyo ndiyo auli. Na Imam Ali, inasimuliwa, aliulizwa mas-ala ya mke, mabinti wawili na wazazi akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui. Ndivyo ilivyo: 3 juu ya 27 ni moja juu ya 9. Mjane anapata milioni 3, mabinti milioni 8 kila mmoja, wazazi milioni 4 kila mmoja. Kila mmoja amepungukiwa na sehemu ya tisa ya haki yake, na hakuna aliyezidishiwa machungu.

Sahaba Ibn Abbas aliikataa auli. Kwake, Mola hawezi kuweka mafungu yasiyoenea katika mali, kwa hiyo wapo wa kutangulizwa na wapo wa kupunguziwa, nao ni mabinti na dada. Hoja yake naiheshimu, kwa kuwa inalinda ukamilifu wa neno la Mungu. Lakini mimi nasimama na Umar. Naamini fungu halikushushwa ili lipime mali tu. Limeshushwa liseme warithi wanasimamaje wao kwa wao. Mke na baba ni tatu kwa nne. Asili ikiwa 24 au 27, uwiano huo haujaguswa.

Linalonikera liko upande wa pili, mali inapobaki. Mke, binti mmoja na mama, bila ndugu wa kiumeni: 3, 12 na 4, jumla 19 juu ya 24. Wanavyuoni wengi wanaoruhusu kurudisha masalio huwapa binti na mama hizo tano, tatu kwa moja. Mjane harudishiwi kitu, kwa kuwa udugu wa damu unaendelea na ndoa imekatwa na kifo. Lakini kwenye auli alikatwa sawa na wenye damu! Imepokewa kuwa Uthman bin Affan aliwarudishia wanandoa pia. Shehe wetu hafuati kauli hiyo. Naandika kama anavyoniagiza, na kila ikija karatasi ya namna hiyo namwuliza tena.