KUYAJUA MARADHI SI KUSALIMIKA NAYO

 

Mwulize kijana wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe khabari za Ukimwi, naye atakujibu vizuri. Atakwambia kuwa huambukizwa kwa kuingiliana, kwa damu na kwa sindano. Kisha mwulize: Je, wewe wajionea khatari? Aghlabu atacheka. Maradhi ayajua, lakini ayajua kuwa ni ya watu wengine.

Dhana hii imesimama juu ya nguzo tatu, na zote ni mbovu.

Ya kwanza ni jina la Uislamu. Husema kuwa haya ni maradhi ya makafiri na walevi. Mwenyezi Mungu hakumwahidi kinga mtu kwa jina lake. Kinga ameiweka katika kuyafuata maamrisho yake. Zinaa tumekatazwa hata kuikaribia. Mwenye kuiendea usiku, kisha akasimama safu ya kwanza alfajiri, jina litamfaa nini? Na hawa wanaojidunga unga kwa kupokezana sindano moja mitaani mwetu, virusi havimwulizi mtu dini yake.

Ya pili ni tohara. Ni kweli kuwa utafiti wa Kisumu na wa Rakai, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume khatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya nusu. Lakini kupunguza si kuondoa. Jahazi lililozibwa nusu ya tundu bado lavuja. Wala tohara haimkingi mwenye kujidunga, wala haimkingi mke ambaye mumewe amekwisha ambukizwa.

Ya tatu ni macho. Husema: «Nimemtazama, ni mzima.» Virusi huweza kukaa mwilini miaka 8 au 10, na mwenye navyo afanya kazi bandarini na acheza mpira, wala hana alama.

Wako na wasemao kuwa lililoandikwa litakuwa. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham, akapata khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alipomwuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa ndiyo, waikimbia kadari yake kuiendea kadari yake nyingine. Hiyo ndiyo imani ya kadari. Kukaa bure si imani.

Basi, enyi vijana, tubuni, na mkapimwe, khasa kabla ya kuposa. Mke uliyepewa kwa amana ya Mwenyezi Mungu hana kosa, wala mtoto atakayezaliwa. Dawa hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006, na azitumiaye barabara hata virusi visionekane katika damu, hamwambukizi mwenziwe kwa kuingiliana. Na aliyeingia khatarini jana asingoje: iko dawa ya kuzuia, ikianzwa kabla ya kupita saa 72.

Nasi wazee na mashekhe, tukiyanyamazia haya mimbarini kwa kuona haya, au tukamtenga mgonjwa hata akaficha maradhi yake, tutaulizwa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kusikia na kutenda. Amin.