Programu Huria: Amana Mikononi mwa Fundi Muislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyempa mwanadamu akili, na mikono ya kuitumikia akili hiyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi.

Miongoni mwenu wapo ambao wakitoka darasani hukaa na kompyuta ya mitumba, bodi ndogo ya Arduino, nyaya na chuma cha kulehemu. Huyu anaunda kipima unyevu kwa ajili ya shamba la wazazi wake, yule anaandika programu ya kukumbusha nyakati za swala. Wenzao huwacheka na kusema ni mchezo wa kupoteza muda. Tujiulize: kazi kama hii ina nafasi gani mbele ya Allah?

Tumtazame Nabii Daud (A.S.). Katika Suratu Sabaa, aya ya 10 na 11, Allah anatueleza kwamba alimlainishia chuma, akamuamuru atengeneze deraya, na akamtaka apime vizuri katika kuunganisha pete zake. Papo hapo, katika aya hiyo hiyo, inafuata amri ya kutenda mema. Zingatieni mpangilio huo. Kipimo cha pete na wema wa mja vimetajwa pamoja, kwa sababu pete moja ikilegea, mkuki utapita hapo hapo. Ufundi uliopimwa sawasawa ni sehemu ya uchamungu, na ufundi wa ovyo ni khiyana kwa atakayeutegemea.

Sasa tuje kwenye programu huria. Hizi ni programu ambazo msimbo wake uko wazi: una ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu. Akauacha wazi, watu wakaongeza. Leo simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa juu ya kiini hicho cha Linux. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tumeonja matunda ya njia hiyo: mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipatikana Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha yetu.

Jambo hili linatukumbusha waqfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimuomba Mtume (S.A.W.) ushauri. Akaelekezwa azuie asili ya ardhi na kutoa mazao yake sadaka. Isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Leseni ya GPL, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, ina sura inayokaribia hiyo: ukiichukua programu, ukaibadilisha na kuigawa, huna budi kuwaachia walio baada yako msimbo wako wazi kwa masharti yale yale. Huu ni mfano wa kutufahamisha, si hukumu ya fiqhi. Lakini funzo lake ni zito: kilichotolewa kwa watu wote hakikosi masharti ya aliyekitoa.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Utamsikia mwanafunzi akisema, "Si iko wazi? Kila mtu achukue." Kisha anachukua mradi mzima wa mtu mwingine, anafuta jina la mwenyewe, anaandika lake, na kuuwasilisha kuwa ni kazi yake ya mwaka wa mwisho. Ndugu yangu, kuutumia msimbo ule ni halali kwako. Kusema ni wako ni uongo. Hata leseni nyepesi kama ya MIT inataka ubakishe jina la mwenye kazi na maelezo ya leseni. Allah ametuamuru katika aya ya kwanza ya Suratul Maidah kutimiza mikataba, na leseni ni ahadi.

Mnakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni: alitia mkono katika lundo la nafaka, akakuta umajimaji chini ilhali juu ni kavu, akasema kuwa mwenye kughushi si katika wao. Mradi ulioandikwa jina lako juu, na jasho la mwingine chini, ni lundo lile lile. Shahada utakayoipata kwa njia hiyo utailia riziki maisha yako yote. Je, utakuwa tayari kuijibu siku mikono yenyewe itakapotoa ushahidi?

Iko amana nyingine, nayo ni ya kushirikiana. Mwaka 2024 dunia ilinusurika na balaa kubwa kupitia programu ndogo iitwayo xz. Aliyeitunza alikuwa mtu wa kujitolea aliyeelemewa na kazi. Akaja mtu kwa jina la bandia, akamsaidia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akapachika mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kiasi cha nusu sekunde, akakataa kupuuza. Hiyo ndiyo faida ya kuhakikisha mambo, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Lakini jiulizeni pia: watu wema walikuwa wapi mzee wa kazi alipochoka? Wote walikuwa wakila matunda. Nafasi ya kusaidiana katika wema ikiachwa tupu, mwovu huijaza.

Basi ndugu zangu, tuanze na haya. Kila mradi wako uandike wazi ulichochukua na kwa nani. Soma leseni kabla ya kunakili. Tengeneza japo hitilafu moja, au tafsiri maelezo kwa Kiswahili, katika programu unayoitumia kila siku. Acha programu za wizi zilizovunjwa kufuli, ilhali LibreOffice na KiCad ziko halali na bure. Mfundishe mdogo wako kulehemu. Wala usihesabu sifa za watu, kwani riya hula amali. Na adhana ikilia, saketi itasubiri.

Mja akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na mawili kati yake ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Mistari michache ya msimbo, ikiandikwa kwa ikhlasi, inaweza kuwa yote mawili.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, mikono yenye uaminifu na nia iliyo safi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.