Chombo cha Dawa na Mikono ya Mama

Wengi wetu tumekwisha kumwona mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinazidi kukua, macho yake yakitazama chini, na mama yake akimfunika kitambaa ili watu wasimkodolee macho. Kijijini husemwa maneno mengi: amerogwa, baba alivunja mwiko, mama ana laana. Maneno hayo si kweli. Kila mtu ana maji ndani ya kichwa. Hutengenezwa kila siku, hupita katika njia zake, kisha huingia katika damu. Njia ikizibika, maji hujaa na kuusonga ubongo; na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto haijashikamana bado, kichwa hupanuka. Ni ugonjwa, wala si aibu.

Basi tujiulize swali moja: mganga akiisha kumpa mtoto huyo chombo cha kumwokoa, je, kazi ya upendo imekwisha?

Tutazame kwanza chombo chenyewe kilitoka wapi. Mwaka 1955, huko Marekani, alizaliwa mtoto Casey Holter mwenye ugonjwa huo. Baba yake, John Holter, hakuwa mganga. Alikuwa fundi katika kiwanda cha kufuli. Alikaa karibu na mwanawe, akaona taabu ya kutoa maji yale kwa sindano mara kwa mara. Akatengeneza kilango kidogo kinachofunguka maji yakizidi, kisha hujifunga yasirudi nyuma. Mganga Eugene Spitz akasaidiana naye, na mwaka 1956 kilango kikaanza kutumika. Lakini siku zile Casey alikuwa mgonjwa mno, hata chombo cha baba yake kikatiwa kwanza mwilini mwa mtoto mwingine. Casey alikufa angali mdogo. Watoto wengi wa watu wengine wakaishi. Kumbe chombo chema huzaliwa pale mtu anapoitazama kwa muda mrefu taabu ya mgonjwa na ya yule anayemlinda.

Tena, mrija wenye kilango hupitishwa chini ya ngozi, toka kichwani mpaka tumboni. Humwokoa mtoto, lakini waweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Ukiziba, mtoto hutapika na kusinzia, na asipotibiwa upesi aweza kufa. Mjini hospitali i karibu. Lakini mama wa kijijini, mwenye safari ya siku mbili na mvua inanyesha, atafanyaje?

Swali hilo lilimsumbua mganga Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Mbale, Uganda, mwaka 2000. Aliunganisha kazi mbili: kwa kamera nyembamba hufungua njia mpya ya maji ndani ya kichwa, kisha huchoma nyama zile zinazotengeneza maji. Mtoto akifaulu, harudi nyumbani na mrija. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya watoto 100 wa Uganda, wengine waliotiwa mrija, wengine waliotibiwa kwa njia hii. Baada ya mwaka mmoja akili zao hazikuachana sana. Si wote wanaofaulu; wako wanaohitaji mrija bado. Lakini angalieni: mganga huyu hakuuliza tu, «Nini kitamponya mtoto leo?» Aliuliza pia, «Nani atamlinda kesho, na kwa nguvu gani?»

Wengine watasema: Hayo ni mambo ya waganga, sisi tusio na vyombo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mtoto aliyeokoka pengine hatembei, au haoni vema, au hushikwa na kifafa. Ana miaka saba, na mama angali anambeba mgongoni. Shamba linaota majani, sokoni haendi, watoto wake wengine wanajilea. Pengine baba ameondoka. Nasi twamsifu: «Mama huyu ni mtakatifu, Mungu amempa nguvu.» Tujihadhari! Sifa hiyo mara nyingi ni njia ya kumwachia mzigo peke yake. Simoni wa Kirene hakumsifu Bwana Yezu kwa uvumilivu wake. Ingawa alilazimishwa, aliushika msalaba.

Sisi tunaoandika haya tumekosa vivyo hivyo. Tulimtembelea mama wa namna hii, tukasali, tukampa mkono, tukatoka. Mtungi wake ulikuwa mtupu karibu na mlango, wala hakuna kati yetu aliyeuliza nani atamchotea maji.

Basi, tufanye nini? Kila shirika lipange zamu: huyu achote maji, yule abaki na mtoto ili mama alime, au alale tu. Watu wawili zaidi wafundishwe dalili za hatari, yaani kutapika, kusinzia kupita kiasi, utosi kuvimba, ili mama asiwe peke yake mwenye kuzijua. Nauli ya hospitali iwekwe kabla ya shida. Na anayeeneza habari za uchawi akanywe waziwazi.

Chombo chaweza kutoa maji kichwani mwa mtoto, lakini hakiwezi kukesha naye. Kukesha ni kazi ya watu, na mtu mmoja hawezi kukesha miaka yote. Jumapili hii, tukitoka kanisani, tupite kwa mama yule tunayemjua, na tuanze kwa mtungi.